Mwamba Uliooshwa kwa Sabuni



Ukishuka pwani ya mawe siku ya bamvua, maji yakishapwa mpaka kule ambako siku za maji mafu hakufikiki, hebu inama karibu na jabali lolote. Utamwona kiumbe ambaye wengi wetu tunampita kila siku bila kumtazama. Ni konokono mdogo, gamba lake limesimama kama kofia ya msonge, ameshikamana na jiwe kana kwamba wamezaliwa pamoja. Mguse kidogo, atajibana zaidi. Jaribu kumng'oa kwa vidole, utaumiza kucha bure. Kila mtaa wa pwani una majina yake kwa viumbe wa mwambani, basi leo tusigombanie jina. Mimi nitamwita konokono kofia.

Nimemtanguliza yeye kwa sababu ukiniuliza pwani iliyomwagikiwa mafuta hupona vipi, jibu langu linaanzia chini ya gamba lake. Chini ya gamba lile kuna unyayo mmoja mpana unaonata jiweni, na mdomoni kuna ulimi mwembamba kama utepe, umejaa safu za meno madogo sana. Meno hayo yana madini ya chuma ndani yake. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliyapima wakaona hakuna kitu kingine kilichotengenezwa na kiumbe hai, miongoni mwa vilivyokwisha kupimwa, chenye uimara kama ule. Hata uzi wa buibui ulishindwa. Kwa ulimi huo konokono kofia hukwangua mwamba. Anakula mwani ungali mchanga, ukiwa utelezi tu ambao macho yetu hayauoni. Akishiba anarudi palepale alipotoka, mahali ambapo ukingo wa gamba lake umelingana na jiwe kama kifuniko na chungu chake, anatulia hapo mpaka maji yatakaporudi.

Sasa twende mbali kidogo, Cornwall, ile ncha ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Jumamosi ya tarehe 18 Machi 1967, meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon ilipanda miamba ya Seven Stones, kati ya ncha hiyo na visiwa vya Scilly. Ilikuwa imebeba tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait, ikielekea Milford Haven kule Wales. Nahodha alikuwa anawahi maji. Meli yake ilikuwa kubwa mno, bandari ile isingeweza kuipokea ila maji yakijaa sana, na akiyakosa usiku ule angengoja siku kadhaa nje. Akapita njia ya mkato. Mtu wa pwani haelezwi zaidi ya hapo. Anajua vyombo vingapi vimepanda kipwa kwa kuwahi bamvua.

Meli ikapasuka, mafuta yakatapakaa. Serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson, ambaye mwenyewe alikuwa na nyumba Scilly, ikatuma ndege za kivita kuyapiga mabomu yale mabaki ili mafuta yaliyosalia yaungue. Lakini mengi yalikwisha kutoka, na kiasi cha tani 14,000 kilifika kwenye fukwe za Cornwall. Yalikuwa majira ya Pasaka, msimu wa wageni unaanza, na watu wa kule wanaishi kwa wageni hao. Amri ikatoka: pwani isafishwe.

Wakaisafisha kwa sabuni. Naiita sabuni kwa kukosa neno jingine, lakini usifikirie ile ya kufulia. Zilikuwa dawa kali zilizochanganywa na viyeyushi vya petroli, za kusafishia matangi na vyumba vya mitambo melini. Askari, wazima moto na watu wa kujitolea walizipulizia miamba kwa mipira, na mahali pengine mapipa yalibingirishwa kutoka juu ya majabali yakapasukie chini ufukoni. Kwa jumla zilitumika tani zipatazo 10,000. Zipime tani hizo, msikilizaji, na zile 14,000 za mafuta. Ni karibu pipa kwa pipa.

Mjini Plymouth, si mbali na hapo, kulikuwa na maabara ya chama cha wanabiolojia wa bahari, watu waliokuwa wakizichunguza fukwe zile kwa miaka mingi kabla ya ajali. Waliweka kando kazi zao zote wakashuka pwani, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu cha yale waliyoyaona, mhariri akiwa mkurugenzi wao, J. E. Smith. Waliyoyaona yaliwashangaza wengi. Mafuta yalipofika pwani yalikuwa yamekaa siku nyingi juu ya maji, jua na upepo vimekwisha kuondoa sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zenye sumu kali zaidi. Yaliyobaki yalikuwa mazito, yanachafua na kuziba pumzi, lakini hayakuua kila kitu. Konokono kofia walikutwa wakiendelea na kazi yao, wanakwangua mwamba pamoja na mafuta yaliyougandia, na mafuta yale yakionekana katika choo chao. Wanyama wale walikuwa wanafanya usafi!

Penye sabuni mambo yalikuwa mengine. Dawa ile ilipowagusa, unyayo wao ulilegea. Wakaachia jiwe, wakaanguka, wakafa kwa maelfu, pamoja na kaa, kome na samaki wadogo wa vidimbwini. Mwamba ukabaki safi. Wageni wa Pasaka wangeweza kupiga picha.

Hapa nikumbushe jambo la nyumbani. Utotoni tulikuwa tukirudi kutoka pwani, nyayo zetu zimegandwa na vidonge vya lami, vile vinavyoletwa na mawimbi baada ya meli kupita huko mbali. Mimi nilikuwa nachukua mafuta ya taa na kitambaa, nasugua kwa nguvu kabla sijaonekana natia uchafu sakafuni. Lami ilitoka, na ngozi ikababuka nayo. Siku mbili nachechemea. Mama yangu alipogundua, akaninyang'anya kitambaa, akanipaka mafuta ya nazi, akaniambia nikae kitako ningoje. Lami ikalainika yenyewe, akaifuta kwa kidole. Nilipokuja kusoma habari za Cornwall, nilihisi zile nyayo zangu zinawasha.

Basi tutazame kilichofuata, maana hapa ndipo penye somo zito. Wiki chache baada ya sabuni, miamba ya Cornwall ikawa kijani. Mwani mwembamba ulitanda kila mahali kwa sababu hakukuwa tena na wa kuukwangua. Mpita njia angeweza kusema: alhamdulillahi, pwani imefufuka. Kumbe ile ilikuwa dalili ya msiba, kama nyumba ambayo majani yameota mpaka kizingitini kwa kuwa waliokuwa wakifagia hawapo.

Baada ya kijani ukaja mwani wa kahawia, mnene, mrefu, umefunika mwamba kama mikeka iliyotandikwa juu ya mikeka. Vile viganda vyeupe vikali, vinavyochana nyayo na kuota chini ya ngalawa mpaka ipandishwe ikwanguliwe, vikazibwa humo na kufa. Lakini chini ya mikeka hiyo palikuwa na unyevu na kivuli, na bahari huwa haiachi kuleta watoto. Konokono kofia wachanga, ambao maisha yao huanza wakielea majini wadogo kuliko punje ya mchanga, walitua pale kwa wingi usio wa kawaida. Wakakua pamoja, umri mmoja. Walipofikia ukubwa wa kula kwelikweli, hapakuota tena mwani mpya. Ule wa zamani nao ulizeeka, ukang'olewa na mawimbi. Kufika katikati ya miaka ya 1970 mwamba ulikuwa mtupu, na konokono wamejaa pomoni hawana cha kula.

Hapo likatokea jambo ambalo mimi kila nikilifikiria naona huruma. Wale wanyama ambao kila mmoja ana pake jiweni, na kila maji yakipwa hurudi pale pale, waliviacha vituo vyao. Wakahama kwa safu, bega kwa bega, wakivuka mwamba kutafuta chakula. Wengi walikufa njaa. Walipopungua, mwani ukarudi, ingawa si kama mara ya kwanza. Ukapungua tena, wao wakaongezeka. Pwani ikawa kama mtoto kwenye pembea: anayumba huku, anayumba kule, kila mara kidogo zaidi, mpaka atulie.

Ilichukua miaka 10 na zaidi pembea ile kutulia. Mahali palipopuliziwa sana, kama Porthleven, ni kiasi cha miaka 15. Tunalijua hilo kwa sababu wanasayansi Alan na Eve Southward, na baadaye Stephen Hawkins, hawakuacha kurudi kwenye miamba ileile. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuondoka zamani.

Na palikuwa na ufuko mmoja, Godrevy, uliopata mafuta lakini haukupata sabuni, kwa kuwa watu waliwahurumia sili wanaoishi pale. Mafuta yalibaki yameganda mwambani, meusi, mabaya kuyatazama. Konokono kofia wakabaki hai. Godrevy ilipona kwa miaka 2 au 3.

Miaka 3 na miaka 15, msikilizaji, katika bahari moja na kwa mafuta ya meli moja.

Ungedhani dunia ilijifunza mara moja. Tarehe 24 Machi 1989 meli nyingine, Exxon Valdez, ilipanda mwamba Alaska, ikachafua zaidi ya kilomita 2,000 za pwani. Mara hii si sabuni. Walileta mashine za kurusha maji ya moto, hadi nyuzi 60, kwa nguvu kubwa. Mafuta yalitoka, na kila kilichokuwa hai juu ya mwamba kilipikwa. Kwenye fukwe za kokoto, maji yale yalichukua pia mchanga laini ambamo kombe hujifukia, na kombe wale walikawia miaka mingi kurudi. Hata hivyo yapo mafuta ambayo hakuna mashine iliyoyafikia: yale yaliyozama chini ya kokoto, pasipofika hewa wala mawimbi. Yalibaki huko miongo. Fisi maji wa baharini, ambao huchimba kombe kwa mikono, walikuwa wakiyafukua wenyewe kila walipotafuta chakula, na ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo idadi yao katika sehemu zilizoathirika sana ikahesabiwa kuwa imerudi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mafuta yaachwe tu. Mafuta mazito yaliyotuama yazolewe kwa makoleo na ndoo, haraka. Ndege aliyelowa mafuta hana muda wa kungoja. Mchanga wa ufukoni unaweza kukwanguliwa. Na juu ya maji, kabla mafuta hayajagusa nchi kavu, kila saa ina thamani. Mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba huko Morisi, tarehe 25 Julai, na siku 12 baadaye ikaanza kuvuja. Zilitoka tani kama 1,000. Wananchi hawakungoja kuambiwa. Walishona vitambaa virefu, wakavishindilia majani makavu ya miwa na kuvifunga chupa za plastiki vielee, wakavuta maboya yale kuzunguka rasi zao na mikoko yao. Nilipoziona picha zile, vijana na wazee wamezama mpaka kiunoni, mikono myeusi, nilijisikia fahari ya kuwa mtu wa Bahari ya Hindi. Ile ni haraka ya mahali pake. Juu ya maji tukimbie. Tukishafika mwambani na topeni, twende taratibu na tuulize kwanza ni nani anaishi hapa.

Topeni hasa. Maana wasikilizaji wangu wa Lamu, wa Pemba, wa Rufiji mtaniambia: wewe unatuhadithia mawe ya Cornwall, sisi kwetu ni mikoko. Na kweli, mikoko ni habari nyingine kabisa, na ni ya kuogopesha zaidi. Tazama mchu. Kuzunguka shina lake vimechomoza vijiti kama penseli, mamia kwa mamia. Ile ni mizizi ya kupumulia, kwa sababu tope halina hewa. Mafuta yakija na maji kujaa, yakapaka vijiti vile maji yakipwa, mti umezibwa pua. Majani hugeuka manjano, hupukutika, na baada ya miezi unabaki msitu wa mifupa. Tondo waliokuwa wakitambaa topeni hawapo, na mashimo ya kaa yamekuwa mifereji ya kuyashusha mafuta chini zaidi.

Huko chini ndiko yanakokaa. Baharini na juu ya mwamba wapo bakteria wanaokula mafuta, kazi yao ya asili kabisa, lakini wengi wao wanahitaji oksijeni kama sisi. Katika tope jeusi lisilo na hewa wanafanya kazi polepole mno. Mwaka 1986, nchini Panama, tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka, mafuta yakaingia kwenye mikoko ya Galeta. Miaka 5 baadaye tope lilikuwa bado linayatoa, kidogo kidogo, yanarudi kupaka mizizi michanga. Na kwetu, Mombasa, walioishi karibu na Makupa wanakumbuka mwaka 1988, mafuta mazito yalipomwagika kutoka tangini yakaua mikoko ya mkono ule wa bahari. Mti wa mkoko unaweza kupandwa upya, na mikono ya kupanda tunayo. Lakini mche ukitiwa kwenye tope lenye sumu ni kuutuma kufa. Na jeshi la watu wenye viatu vya mpira wakiingia mikokoni kusafisha, kila hatua inayasukuma mafuta chini, kule yanakokaa miongo. Mara nyingi lililo bora ni kuyasukuma yatoke kwa maji ya bahari yasiyo na nguvu, yaondoke pamoja na maji yanayokupwa, na kuiacha miguu yetu nje.

Kwa nini nayasema haya leo, nikiwa Tanga? Kwa sababu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu, Chongoleani. Mafuta yale yana nta nyingi. Lazima yapashwe moto njia nzima ili yatiririke. Yakikutana na maji yetu, hata haya tunayoyaona ya vuguvugu, yataganda. Basi hayatafanana na yale ya Kuwait yaliyoteleza juu ya miamba ya Cornwall, yatakuwa mabonge. Meli kubwa zitakuja kuyapakia, na njia yao inapita karibu na matumbawe, mikoko, na vilindi anamoishi silikanti, yule samaki wa kale ambaye kwa ajili yake tumetenga hifadhi ya bahari hapa Tanga. Naomba kila anayehusika na bandari ajiulize leo, kukiwa shwari, ni ufuko gani utasafishwa kwa koleo, ni upi utazungushiwa boya kwanza, na ni upi utaachwa mikononi mwa konokono. Cornwall waliamua hayo huku mafuta yakiwa yanaingia na wageni wanakuja.

Na kuna jambo ambalo si la bandari wala serikali. Galeta, ile ya Panama, palikuwa na maabara ya taasisi ya Smithsonian kabla ya ajali. Ndiyo maana walijua kilichopotea. Plymouth vilevile. Huko Alaska, mwanasayansi Alan Mearns alianza mwaka 1990 kupiga picha jabali moja, akaendelea kulipiga mwaka hadi mwaka, jabali lilelile. Ukizipanga picha zile utaliona limefunikwa mwani, mwaka mwingine liko tupu, kisha limejaa kome, kisha mwani tena. Jabali lenye afya nalo hubadilika. Asiyelijua jabali lake siku za afya atawezaje kusema limepona?

Cornwall palikuwa na kaa mdogo, mmoja wa wale wanaohamia ndani ya gamba la konokono aliyekufa. Baada ya Torrey Canyon alipungua sana, na baada ya mwaka 1985 hakuonekana tena. Wengi wanaamini mafuta na sabuni vina sehemu kubwa katika kutoweka kwake. Mwaka 2016 watu wa kujitolea, wanaopita vidimbwini maji yakipwa na kuandika wanachokiona, walimkuta tena. Wachanga wake huenda walichukuliwa na mkondo kutoka ng'ambo, Ufaransa. Miaka 31. Walimtambua kwa kuwa waliowatangulia, kabla ya mwaka 1967, waliandika kwamba alikuwapo.

Mimi nimechagua jabali langu. Lipo upande wa kaskazini wa mji, kimo cha kiuno, lina ufa mmoja katikati. Bamvua iliyopita nilikwenda na binti wa jirani yangu anayesoma darasa la sita. Tuliweka vijiti vinne mraba juu yake, tukahesabu konokono kofia waliomo. Yeye akahesabu, mimi nikaandika. Kisha tukahesabu tena kwa kubadilishana, maana mara ya kwanza hatukupatana. Tukapiga picha, tarehe ikaandikwa daftarini kwa mwandiko wake. Akaniuliza kama tutawakuta walewale. Nikamwonyesha alama ya duara jiweni, pale ukingo wa gamba unapokaa, nikamwambia aikumbuke. Tunakwenda tena mwezi ukiandama.